Bagamoyo kwa miguu: ingia mjini kama walivyoingia wapagazi

#1 Msafiri wa Miguu (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Kwa sisi wa Dar, Bagamoyo ni jirani tunayempigia hodi bila kuingia ndani. Tunaenda kwa semina, kwa harusi ya ufukweni au kwa safari ya shule ya watoto. Tunashushwa getini, tunapiga picha, na jioni tuko Bunju kwenye foleni. Mwaka huu nimekwenda mara tatu, kila mara Jumamosi, kwa daladala na bila mwongozaji, na mji nimeuzunguka kwa miguu yangu. Nimeupenda mno, na ninaumia kuona watu wanaupita.

Safari mbili za kwanza sikuuelewa. Nilianzia ufukweni kama kila mtu, nikashiba upepo na majahazi, kisha nikapanda mjini kutazama majengo. Kila jengo likawa peke yake: hapa gofu, pale kibao, kule mlango. Safari ya tatu nikageuza njia, na mji ukafunguka.

Bahari ndiyo mwisho wa Bagamoyo. Mwanzo wake uko bara. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilitoka Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zikashuka mabegani mwa watu mpaka hapa, ndipo zikapakiwa majahazini kwenda Unguja. Aliyefika hapa akitokea bara alikuwa ametembea miezi. Kwa hiyo ukitaka kuuelewa mji, ingia kama alivyoingia yeye: anza Karavanserai, kituo cha zamani cha kupumzikia misafara, pita mitaa ya mawe, malizia forodhani majini. Miguu ikishika mpangilio huo, kila jengo linajieleza.

Karavanserai. Jengo la chini lenye ua, katikati ya mji. Unatoka kwenye kelele za bodaboda, unaingia uani, kelele zinabaki nje. Kaa hapo dakika kumi usifanye lolote. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, karibu kilo 32, na pembe kubwa ilizidi hapo. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliopatana ujira. Walishuka na pembe, wakarudi na vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga na waya wa shaba. Mara ya kwanza nilipita hapa kwa dakika tatu nikasema "kumbe ni hiki tu." Sasa naona ndipo penye uzito kuliko pote.

Mtaa wa India. Ndio uti wa mgongo wa Mji Mkongwe, na hapa punguza mwendo kabisa. Nyumba ni za matumbawe na chokaa, dari ni za boriti za mikoko. Pale plasta ilipobanduka, sogea uone: jiwe lenyewe lina vitundu vidogo vidogo, vingine bado vina umbo la nyota. Ni matumbawe yaliyokuwa hai baharini. Nilipitisha kidole kikarudi na unga mweupe wa chokaa, nikakitoa haraka, maana ukuta huo kila unapoguswa unapungua.

Halafu milango. Usipige picha ya mlango mzima ukaondoka. Tazama kwanza mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika maungio ya mbao mbili, kwa sababu fundi aliumwagia nakshi zake nzuri. Kuna mmoja nilioukuta maua yake yamechongwa kwa kina kiasi kwamba vumbi limekaa ndani likayachora upya. Ubao wa chini umeliwa na maji ya mvua. Ubao wa juu bado mkali kama umetoka kwa fundi jana.

Katika mitaa hii jina moja litakurudia: Sewa Haji. Alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya India, mzaliwa wa Unguja, aliyeiuzia misafara bidhaa na kuitafutia wapagazi. Alitajirika, na mali nyingi akaigawa. Hapa Bagamoyo alitoa jengo la shule akaweka sharti kwamba watoto wa jamii zote wasome. Dar alitoa fedha za hospitali, na ndiyo maana Muhimbili mpaka leo kuna Sewa Haji. Nimelala na mgonjwa pale Sewa Haji mwaka fulani bila kujua jina hilo lilitoka mtaa huu.

Naendelea chini, naomba msijaze kwanza.

#2 Msafiri wa Miguu

Boma la Wajerumani lilijengwa mwaka 1897. Wakati huo Bagamoyo ilikuwa imeshapoteza enzi, kwani makao makuu ya koloni yalihamia Dar es Salaam mwaka 1891. Sababu ni rahisi, na ukifika ufukweni utaiona kwa macho: bahari ya Bagamoyo ni ya kina kifupi. Maji yakitoka unatembea mbali sana hujafika magotini. Jahazi linalala mchangani halina neno, lakini meli ya mvuke haiwezi kusogea. Dar ilikuwa na bandari ya kina. Kitu kilichoifanya Bagamoyo iwe nzuri kwa majahazi ndicho kilichoimaliza.

Ngome Kongwe iko upande wa kusini wa mji. Ilijengwa mnamo 1860 na tajiri wa Kiarabu, Sultani Barghash wa Unguja akaja kuipanua, Wajerumani wakaitumia kama kambi, na baadaye ikawa ya polisi. Panda juu. Ukisimama kwenye paa unaona paa za mabati, minazi, kisha bahari.

Nyumba ya forodha ya mwaka 1895 iko ufukweni pale pale penye soko la samaki. Njia ya wapagazi inaishia hapa. Ukutani historia, mbele yake mnada wa pweza na changu. Mtu anasuka nyavu kwenye kivuli cha ukuta ambao Wajerumani walitozea ushuru. Kula hapa. Samaki wa kukaanga anayetoka kwenye karai ukiwa umesimama hana mfano.

Kisha nenda polepole mahali pa kunyongea, karibu na ufukwe, upande wa kusini. Mwaka 1888 watu wa pwani walikataa kutawaliwa na kampuni ya Kijerumani, vita vikawaka kutoka Pangani mpaka huku, na Abushiri bin Salim ndiye aliyekuwa kinara. Mei 1889 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alivunja ngome yake nje kidogo ya Bagamoyo. Desemba mwaka huo Abushiri alinyongwa Pangani. Hapa Bagamoyo waliopinga walinyongwa mahali hapa. Jirani yake kuna makaburi ya Wajerumani, yametunzwa vizuri, yana majina na tarehe. Walionyongwa hawana jina hata moja lililoandikwa pale. Nilisimama katikati ya sehemu hizo mbili nikashindwa kuondoka haraka.

Mkitaka niendelee na Misheni ya Wakatoliki na magofu ya Kaole semeni.

#3 Mama Tegeta

Endelea baba, tunasoma. Mimi nina watoto wawili, wa miaka 7 na 11. Mzunguko huo wataumudu? Na usalama je?

#4 Mkereketwa

Uzi mzuri ila mkuu hapo kwa "watu huru waliopatana ujira" unaisafisha historia. Bagamoyo ni mji wa watumwa. Jina lenyewe ni "bwaga moyo", maana mtumwa akifika hapa anajua kwao harudi tena. Tulifundishwa hivyo shuleni.

#5 Msafiri wa Miguu

Dada Tegeta, watoto wataumudu ukiugawa. Panda daladala la Bagamoyo mapema. Njia ni ile ile ya Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege. Saa mbili na nusu asubuhi muwe Karavanserai. Mtembee mitaa na ngome mpaka saa tano, kisha kivulini mkale. Jua la saa sita Bagamoyo si la kuchezea, na Mtaa wa India una vivuli vichache. Misheni na Kaole fanyeni alasiri, kwa bajaji.

Usalama: mitaani mchana sikuwahi kupata shida. Ila ufukwe ule mtupu kati ya mji na Kaole usiupite peke yako, hata kama mtu anakwambia ni karibu. Chukua bajaji. Na kiingilio lipia kwa mhusika wa eneo, chukua risiti. Safari yangu ya kwanza kijana mmoja alinitoza "kiingilio cha mji mzima," na kitu hicho hakipo. Iliniudhi, kwa sababu wapo vijana wanaoijua historia kweli na wanastahili kulipwa vizuri.

Ndugu Mkereketwa, hoja yako ni nzito na siipuuzi. Watumwa walipita hapa, na ukifika Misheni utaona ushahidi wake. Lakini bandari kubwa ya watumwa katika pwani yetu ilikuwa Kilwa, huku Bagamoyo utajiri wake mkubwa ukiwa pembe. Hilo jina lina tafsiri mbili, na ya pili ni ya wapagazi: bwaga moyo, yaani tua mzigo, pumzisha roho, umefika. Mimi nadhani watu wawili wangeweza kuingia mji huu siku moja kwa njia moja, mmoja akalitamka jina hilo kwa furaha na mwenzake kwa uchungu. Nikisema wapagazi walikuwa huru sipunguzi uchungu wa waliofungwa minyororo. Nakataa tu kuwafuta Wanyamwezi, ambao kazi yao ndiyo iliyoujenga mji.

#6 Mwana Ujiji

Nimefurahi kuona mtu anaitaja njia kwa mwelekeo wa kutoka kwetu. Sisi ndio mwanzo wa hiyo njia. Ukija Ujiji utakuta pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, kuna kumbukumbu na miembe. Miembe hiyo iangalieni njiani kote, Tabora pia ipo. Marehemu babu alikuwa akituambia ukiona miembe mikubwa imepangana porini, ujue misafara ilipita hapo. Kila nikiona mwembe mkongwe nakumbuka maneno yake.

#7 Msafiri wa Miguu

Mwana Ujiji umenifungulia mlango wa Misheni, asante sana.

Misheni iko kaskazini mwa mji na unaiingia kwa njia ya miembe iliyopandwa kuanzia miaka ya 1870. Ingia kwa miguu hata kama umekuja na bajaji, shuka mwanzoni mwa miti. Baada ya jua la mjini kile kivuli ni rehema.

Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika kutoka Unguja mwaka 1868. Waliwanunua watumwa wakawaacha huru, wakaanzisha kijiji chao hapa hapa. Kwenye vita vya 1888 na 1889 watu kwa maelfu walikimbilia eneo hili, na pande zote mbili hazikuligusa. Jumba la makumbusho lina vitu vinavyoumiza, minyororo na pingu za shingoni ambazo ukubwa wake unakuonyesha zilikuwa za mtoto. Dada Tegeta, waandae watoto kabla ya kuingia.

Kuna mnara wa kanisa la zamani, la mwaka 1872. Februari 1874 mwili wa Livingstone ulilazwa hapo usiku mmoja. Kila mgeni anaambiwa habari hii, lakini wanaotajwa kidogo ni waliouleta. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake Susi na Chuma, pamoja na wenzao, waliukausha mwili juani, moyo wake wakauzika chini ya mti hukohuko, kisha wakaubeba mwili miezi tisa mpaka hapa pwani. Wakipita vita na magonjwa, wengine wakifia njiani. Walipofika, Waingereza waliupokea mwili, ukapelekwa Unguja na hatimaye London, akazikwa Westminster Abbey Aprili 1874. Susi na Chuma hawakuwepo kwenye maziko. Mimi nikifika mnarani nawaza wao wawili usiku ule, mzigo umetuliwa, na kesho yake hauko tena mikononi mwao.

Halafu mbuyu. Upo kiwanjani, ulipandwa na mapadri mwaka 1868. Mwaka 1895 Madame de Chevalier, mama wa Kifaransa aliyekuwa akihudumia wagonjwa, alifunga mnyororo kwenye shina ili amfunge punda wake. Mnyororo ukasahauliwa. Mbuyu haukuusukuma nje, uliendelea kunenepa ukaufunika. Leo kinachoonekana ni kipande kidogo tu cha chuma chenye kutu, kinatoka kwenye gome kama ulimi. Gome limekizunguka kwa mdomo laini, limevimba pande zote. Mtoto wa shule aliyekuwa karibu nami alimuuliza mwalimu wake, "Unaumwa?" Mwalimu akamwambia hapana, umezoea. Nilinyamaza, lakini swali la yule mtoto nimeondoka nalo.

#8 Mwana Dunda

Mimi mzaliwa wa Bagamoyo, na uzi huu nimeusoma kwa furaha. Ila mwanangu Msafiri, umetembea mji wa Waislamu ukaenda ngome, boma na kanisa, msikitini hukuingia. Huyo mtu mkubwa wa mji huu hukumtaja.

Nakueleza. Karne ya 19 aliletwa hapa mtoto mtumwa kutoka Manyema, huko Kongo. Alilelewa nyumbani kwa Mwarabu, akasoma dini, akafanya biashara, akawa mwanachuoni. Ndiye Sheikh Yahya bin Abdallah, mashuhuri kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyeifanya Bagamoyo kitovu cha tarika ya Kadiria, njia ya kisufi katika Uislamu. Mwaka 1916 Waingereza walipoingia alifanywa liwali wa mji. Mtu aliyeingia hapa kama mali ya mtu akawa mtawala wa mji ule ule. Alifariki 1931, na mwanawe akaendeleza kazi. Watu walikuja kwenye maulidi na ziara kutoka pwani yote na bara.

Mnabishana hapo juu kama jina ni la huzuni au la furaha. Someni maisha ya Sheikh Ramiya kwanza.

#9 Msafiri wa Miguu

Mzee wangu, shikamoo. Umenisahihisha na nimekubali. Nilipita mbele ya misikiti mara tatu, nikatazama milango yao kwa nje tu. Safari ijayo nitakuja Ijumaa, nitauliza kwa adabu njia ya kwenda kuzuru. Nimeongeza kwenye mpango, na nawaomba wote mnaofuata njia hii muiweke kabla ya Misheni. Misheni bila Sheikh Ramiya ni nusu ya habari.

#10 Mwana Dunda

Marahaba. Karibu sana. Uje na kanzu au suruali ndefu, na usipige picha bila kuomba.

#11 Mama Tegeta

Na Kaole? Umeahidi.

#12 Msafiri wa Miguu

Kaole, kama kilomita tano kusini. Wengi hupaweka mwanzo kwa kuwa ni pa kale zaidi. Mimi nimepaweka mwisho makusudi, jua likishuka.

Huu ndio mji uliokuwepo kabla ya Bagamoyo. Msikiti wake mkongwe ni wa karne ya 13, kibla chake bado unakiona, na kuna makaburi ya mawe, mengine yenye nguzo ndefu. Kwenye nguzo hizo palipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China, na leo yamebaki mashimo ya duara. Weka kiganja ndani ya shimo moja, linakitosha sawasawa. Mtu wa hapa alinunua bakuli lililovuka bahari nzima, akaliweka kaburini kwa mpendwa wake.

Halafu tazama upande wa bahari, utaona mikoko tu. Mikoko na matope ndivyo vilivyoziba bandari, majahazi yakashindwa kufika, na watu wakasogea Bagamoyo. Mnakumbuka nilichosema kuhusu Boma na bahari ya kina kifupi? Kaole iliziba, biashara ikahamia Bagamoyo. Bagamoyo ikashindwa na meli za mvuke, biashara ikahamia Dar. Sisi wenyewe wa Dar tumezaliwa na hamahama hiyo.

Kisima cha pale kina maji matamu ingawa bahari iko karibu. Na kuna mbuyu mwingine mkubwa. Wenyeji wana maelezo yao ya kuuzunguka, muulizeni mlinzi awasimulie mwenyewe, anasimulia vizuri kuliko mimi.

#13 Mkereketwa

Mkuu nimesoma mpaka mwisho. Kuhusu Sheikh Ramiya sikuwahi kufundishwa, nimeshtuka. Jumamosi hii naenda na wenzangu watatu. Tunaanzia Karavanserai kama ulivyosema. Chuo cha sanaa, TaSUBa, kinafaa kupitia?

#14 Msafiri wa Miguu

Kinafaa sana, kipo upande ule ule wa kusini, unapokwenda Kaole. Ukibahatika kukuta wanafunzi wanafanya mazoezi ya ngoma, keti. Ila usikubali kije kikulie muda wa Mtaa wa India.

Maji beba ya kutosha, kofia pia. Simu ichaji usiku.

Na nina ombi moja kwenu wote mtakaokwenda. Mkifika kwenye mbuyu wa Misheni pigeni picha ya kile kipande cha mnyororo kwa karibu, mkiweka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, kisha muiweke hapa na tarehe. Mimi nimepima kwa kidole: kilichobaki nje ni kifupi kuliko kidole changu cha kati. Mwakani tulinganishe mti umemeza kiasi gani.